Mashine ya Kuzungusha Njiwa wa Chambo: Jinsi ya Kuifanya Ihimili Upepo

Mashine hii huzungusha njiwa wa chambo, waliokufa au wa plastiki, ili kuwavuta njiwa wa mwituni waje karibu na mwindaji. Uani inazunguka bila shida. Unaipeleka shambani, upepo unaanza kuvuma, na kabla ya nusu saa kwisha mkono mmoja umepinda, njiwa mmoja ananing'inia kichwa chini, nguzo imelala upande na mota inanguruma tu bila kuzungusha kitu. Wengi wanaokwama hapo hufikia uamuzi mmoja: kununua mota yenye nguvu zaidi. Wanainunua, na safari hii kinachokatika ni gia.

Mimi pia nilipitia njia hiyo, tena mara mbili. Ndiyo maana mwongozo huu unaigusa mota mwisho, na kwa kiasi kidogo. Karibu kila hatua iliyo hapa inapunguza mahali ambapo upepo unaweza kushika.

Mashine inayozungumziwa ni ile ya kawaida: mota ya volti 12 yenye gia, nguzo ya kuchomeka ardhini, na mikono miwili inayobeba njiwa, mmoja kila ncha, iliyoshikwa kwenye kitovu, yaani kipande cha katikati kinachokaa kwenye shafti ya mota. Vipimo ni vya njiwa mkubwa wa mwituni wa Ulaya, Columba palumbus, ambaye ana uzito wa takriban nusu kilo na upana wa mabawa wa karibu sentimita 75. Kwa ndege wadogo zaidi punguza vipimo, hatua ni zile zile.

Neno moja kuhusu sheria. Ruhusa ya kuwapiga njiwa, na ruhusa ya kutumia chambo chenye mota, hutofautiana nchi hadi nchi. Uingereza, kwa mfano, njiwa huyu hupigwa chini ya leseni ya jumla yenye masharti, na masharti hayo hubadilika. Yasome kabla ya kushika spana.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine yenyewe, betri na chaja yake
- Fito mbili za faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo) zenye unene wa milimita 8, au za chuma cha springi za milimita 6
- Bolti za milimita 4 na nati zenye nailoni ndani, zile zisizolegea zenyewe
- Washa mbili pana za ngozi ngumu au fiba, washa za chuma, na springi moja fupi iliyo ngumu
- Kamba isiyovutika, mita 6, ya kijani au kahawia, na vigingi vitatu vya urefu wa sentimita 30 au zaidi
- Klipu ya bomba inayoenea kwenye nguzo
- Waya ya mabati ya milimita 2 na raba pana za kufungia
- Waya ya umeme ya milimita 1.5 za mraba, kishikio cha fyuzi, na fyuzi za ampea 3, 5 na 7.5
- Kidhibiti mwendo cha volti 12
- Multimita, mizani ya jikoni, pimamaji, drili, tupa, koleo na spana

Kama huna drili, hatua ya pili na ya tatu zitakushinda. Azima.

## Hatua ya 1: Ujue upepo unaoshindana nao

Huhitaji kipimo. Tazama miti. Vumbi na karatasi zikiinuka na matawi madogo yakitikisika, upepo una kasi ya kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, ni kilomita 29 hadi 38. Matawi makubwa yakitikisika na nyaya zikipiga mluzi, umevuka 39.

Mashine isiyorekebishwa huanza kusumbua katika ngazi ya kwanza. Iliyorekebishwa kwa mwongozo huu itafanya kazi vizuri katika ya pili. Katika ngazi ya tatu ifunge na uiweke kando, na huko chini nimeeleza utumie nini badala yake.

## Hatua ya 2: Fupisha mikono

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoikataa, kwa sababu mikono mirefu inapendeza macho. Tuifanyie hesabu.

Mkono wa sentimita 130 ukizunguka mara 25 kwa dakika, njiwa aliye nchani anakwenda mita 3.4 kwa sekunde. Upepo uwe mita 8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 29 kwa saa. Njiwa anapoukabili upepo, anapokwenda joshi kama mabaharia wasemavyo, hewa inampiga kwa mita 11.4 kwa sekunde. Anapogeuka na kwenda na upepo, hewa inamsukuma kutoka nyuma kwa mita 4.6 tu. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo pigo la mbele ni kama mara 6 ya msukumo wa nyuma. Njiwa wa upande mmoja anavuta mashine irudi, yule wa pili anaisaidia kidogo sana, na tofauti yote inalipwa na mota.

Ukipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, utakuta mzigo wa mota katika upepo huo unafika zaidi ya mara 4 ya mzigo wa hewa tulivu. Lakini utakuta jambo jingine pia. Mkono ukiwa mfupi njiwa anakwenda polepole zaidi, na wakati huo huo nguvu inayomvuta iko karibu zaidi na kitovu. Unapata faida mara mbili. Kutoka sentimita 130 hadi 90, mzigo unashuka chini ya nusu. Ukipunguza na mwendo kutoka mizunguko 25 hadi 17 kwa dakika, unabaki na theluthi moja tu ya mzigo wa mwanzo. Hakuna mota utakayonunua ikakupa nafuu ya namna hiyo.

Fanya hivi:

1. Kata fito mbili ili kila njiwa akae sentimita 90 kutoka katikati ya shafti. Usikate ile mikono mirefu ya zamani, itakufaa siku za utulivu.
2. Piga tupa ncha zilizokatwa. Faiba ina vinyuzi vinavyochoma, kwa hiyo vaa glavu na uzibe pua unapoikata.
3. Ingiza kila mkono kwenye kitovu kwa urefu wa sentimita 8 au zaidi. Mkono ulioshikwa kwa sentimita 3 huchezacheza, halafu hupanua tundu.
4. Toboa tundu la milimita 4 kupitia kitovu na mkono, upitishe bolti na nati ya nailoni. Ukiwa na faiba, toboa polepole, ukiwa umeizungushia utepe wa gundi ili isipasuke.

Bolti hiyo ina kazi mbili. Mkono hautachomoka, na, muhimu zaidi, hautajizungusha ndani ya kitovu. Mara nyingi njiwa anayeonekana shambani akiwa tumbo juu hakufungwa vibaya, ni mkono wake uliogeuka.

Bomba la alumini usilitumie kwa kazi hii. Likipigwa na upepo wa ghafla linapinda na kubaki limepinda, ilhali faiba na chuma cha springi hupinda na kurudi.

Ukifanikiwa utaona: ukishika ncha ya mkono na kuusokota, kitovu kizima kinataka kugeuka pamoja nao. Hakuna kinacholia wala kucheza.

## Hatua ya 3: Tengeneza klachi ya msuguano

Mota nyingi za mashine hizi zina gia ya mnyoo, sawa na za waipa za gari. Gia hiyo ina tabia moja: mota inaweza kuzungusha mikono, lakini mikono haiwezi kuzungusha mota. Upepo wa ghafla ukipiga, nguvu yote inaishia kwenye meno ya gia, kwa sababu haina pengine pa kwenda. Baadhi ya gia hizo ni za plastiki. Sasa unajua kwa nini zinanyolewa.

Klachi inaipa nguvu hiyo mahali pa kupotelea. Kitovu kinaacha kufungwa moja kwa moja kwenye shafti, kinabanwa katikati ya washa mbili, na nguvu ikizidi kinateleza.

Panga kutoka chini kwenda juu:

1. Sahani au washa nene ya chuma iliyokazwa kwenye shafti kwa skrubu, isiweze kuzunguka peke yake.
2. Washa ya ngozi au fiba.
3. Kitovu chenye mikono. Tundu lake lizunguke kwenye shafti kwa wepesi, bila kuyumba. Likiwa pana, weka bushi nyembamba.
4. Washa ya pili ya ngozi au fiba.
5. Washa ya chuma, springi, washa nyingine ya chuma, kisha nati ya nailoni.

Usitumie washa za mpira laini. Mpira hushika, huachia kwa kishindo, halafu hushika tena, na kishindo hicho ndicho tunachokimbia. Na kama umezoea kupaka grisi kila kinachozunguka, hapa jizuie. Grisi iende kwenye gia, isiguse washa za klachi.

Kuiseti ni kazi ya subira. Legeza nati mpaka mikono isizunguke kabisa mota ikiwaka. Kisha kaza robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka mikono mitupu izunguke bila kusita, na ongeza robo moja. Washa mashine kwa mwendo wa polepole kabisa, bila njiwa, na ukiwa umevaa glavu uzuie mkono mmoja karibu na kitovu. Mikono inapaswa kusimama huku mota ikiendelea kuzunguka chini yake bila kulemewa. Mota ikisimama au ikibadili mlio, umekaza mno.

Mpangilio wa mwisho utaukamilisha shambani, njiwa wakiwa juu. Ukiupata, chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na ncha ya shafti. Klachi inapoteleza huwa inaivuta nati, na mstari ukikatika katikati utajua kwamba nati imesogea.

Onyo: jaribio hilo la kuzuia mkono usilifanye njiwa wakiwa wamefungwa, wala usiseti klachi karibu na bunduki iliyo na risasi. Mkono wa faiba ukiachiliwa hupiga kama fimbo, na mtu aliyeshtuka hafikirii.

## Hatua ya 4: Linganisha njiwa wawili

Rudi kwenye ile hesabu ya hatua ya pili. Njiwa wawili wanaolingana huubeba upepo kwa zamu. Mzigo wa mota unapanda na kushuka mara mbili kila mzunguko, lakini daima unavuta upande mmoja. Mwondoe njiwa mmoja uone kinachotokea: nusu ya mzunguko upepo unairudisha mashine nyuma, na nusu ya pili unaisukuma mbele kuliko mota inavyotaka. Meno ya gia yanagongwa huku na huku, mara 17 au 25 kwa dakika, saa baada ya saa.

Njiwa mmoja mzito na mwingine mwepesi ni toleo dogo la ugonjwa huo huo. Lakini wengi hupima uzito wakasahau umbo. Njiwa aliyekunjuliwa mabawa yote akizunguka na mwenzake aliyekunjwa nusu, mizani itasema wako sawa na upepo utakataa.

1. Pima njiwa kwa mizani ya jikoni. Chagua wawili wasiopishana zaidi ya gramu 20.
2. Wakunjue mabawa kwa upana ule ule, ukipima kwa kijiti kimoja kutoka ncha hadi ncha.
3. Wafunge kwenye vibebeo. Legeza nati ya klachi ili kitovu kizunguke huru, kisha laza mashine ubavu ili shafti iwe sambamba na ardhi, ukiibana kwenye ukingo wa meza.
4. Uweke mkono sambamba na ardhi, uuachie. Upande unaoshuka ndio mzito. Funga washa za chuma chini ya kibebeo cha upande mwepesi, moja moja, mpaka mkono ubaki popote unapoachwa.
5. Kaza klachi tena, ukiurudisha mstari wako wa rangi mahali pake.

Njiwa wa plastiki wana nafuu kwamba hawabadiliki uzito. Njiwa halisi aliyelowa mvua huwa mzito, na akipoteza manyoya umbo lake hubadilika, kwa hiyo wapime upya kila siku ya kazi. Zoezi lenyewe halichukui dakika tano ukishalizoea.

Ukifanikiwa utaona: mashine imelala ubavu, na mikono inabaki ilipoachwa, iwe imesimama, imelala au iko mshazari.

## Hatua ya 5: Wafunge njiwa kwa ajili ya upepo

Bawa ni bawa hata kwa ndege aliyekufa. Kifua kikiinuka kidogo tu, hewa ya mbele inaingia chini ya mabawa na kumnyanyua njiwa kila anapoukabili upepo, kisha inamdondosha anapougeuzia mgongo. Mikono inaanza kupepea juu na chini, na kutoka mbali mashine inafanana na kitu kinachokata roho.

Inamisha mdomo chini kidogo, kiasi kwamba ukimtazama kwa ubavu, kichwa kiko chini ya mkia kwa upana wa vidole viwili. Kichwa kielekee upande mashine inakozungukia. Hilo linaonekana dogo, ila njiwa anayeruka kinyumenyume huwafukuza wenzake kuliko mwindaji aliyesimama wazi. Mashine ikizunguka upande usioutaka, badilisha nyaya mbili za mota.

Mabawa yasikunjuliwe yote. Theluthi mbili ya upana wake yatosha. Kinachowavuta njiwa hawa kutoka mbali ni lile baka jeupe la bawani, nalo liko sehemu inayobaki wazi hata bawa likikunjwa nusu. Umepunguza tanga, alama imebaki.

Kata waya ya mabati ya sentimita 40, ipitishe chini ya mfupa wa mbele wa bawa moja, juu ya mgongo, hadi bawa la pili, na ukunje ncha zote mbili ziingie ndani. Kichwa kikaze kwa kipande kifupi cha waya kutoka kwenye kibebeo, kwa sababu kichwa kinachotikisika hulegeza vingine vyote. Kisha raba mbili pana, moja mbele ya mabawa na moja kwenye shina la mkia. Usitegemee raba moja.

Ukifanikiwa utaona: mshike njiwa kwa mgongo na umtikise kwa nguvu. Kibebeo na mkono vitatikisika pamoja naye kama kitu kimoja.

## Hatua ya 6: Nguzo isiyolala

Nguzo huangushwa na mambo mawili. Upepo unaisukuma upande mmoja, na mzunguko wa mikono unaitikisa mpaka tundu la ardhini linapanuka. Ardhi ikishalegea hakuna mguu utakaoikanyaga ikashika tena, hamia hatua tatu pembeni.

Teremsha kitovu hadi mita 1.2 kutoka ardhini, ukiweza. Karibu na ardhi upepo una kasi ndogo, na nguzo fupi ina wenzo mfupi. Katika shamba lililovunwa njiwa wataiona tu. Pale mimea ilipo mirefu huna budi kupanda juu, na hapo kamba ndiyo tegemeo.

Chomeka angalau sentimita 50. Nguzo ya duara yenye ncha moja pia huzunguka yenyewe ndani ya udongo mota inapovuta, kwa hiyo funga kipande cha chuma bapa, upana wa kiganja, sentimita 10 juu ya ncha yake. Kipande hicho kinazuia kuzunguka na kuzuia kulala kwa wakati mmoja.

Kaza klipu ya bomba kwenye nguzo, sentimita 50 chini ya kitovu, na ufunge kamba tatu zinazogawana duara sawasawa. Kamba moja ielekee upepo unakotoka. Vigingi viwe sentimita 70 hivi kutoka kwenye nguzo, vimelalia nje. Kabla ya kuwasha, zungusha mikono kwa mkono mzunguko mzima ukiwa umewavuta njiwa chini kidogo, ili uhakikishe hata wakishuka hawatagusa kamba.

Malizia kwa pimamaji. Shafti ikiinama, kila tofauti ya uzito uliyoiacha katika hatua ya nne itafufuka.

## Hatua ya 7: Umeme

Betri iwe miguuni pa nguzo, chini ya majani au gunia, si kwenye maficho yako. Sababu ni waya. Ukivuta umeme mita 20, umeme unasafiri mita 40 kwenda na kurudi. Kwa mota inayokula ampea 3, waya nyembamba ya milimita 0.5 za mraba itapoteza kama volti 4 njiani. Mota yako ya volti 12 inapata 8, halafu unailaumu kwamba ni dhaifu. Waya ya milimita 1.5 za mraba itapoteza kama volti 1.4 kwa umbali huo huo. Kwa kuwasha na kuzima kutoka mbali tumia swichi ya rimoti iliyofungwa pale pale kwenye betri.

Kidhibiti mwendo kiwe cha aina inayokata na kuwasha umeme mara nyingi kwa sekunde. Vile vya zamani vya rezista vina kasoro mbaya kwa kazi hii: mzigo ukiongezeka mota hutaka umeme zaidi, rezista inameza volti zaidi, na mota inadhoofika wakati ule ule inapohitaji nguvu.

Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Kuichagua, weka multimita kwenye mkondo, endesha mashine ikiwa na njiwa siku yenye upepo, soma ampea za kawaida, na uchukue fyuzi ya karibu na mara moja na nusu hadi mbili ya hizo. Mota inayokula 2.5 ipewe fyuzi ya 5. Fyuzi ikiungua mara kwa mara usiipandishe. Rudi kwenye klachi.

Kuhusu betri: ile ndogo ya risasi na asidi ya ampea-saa 7 hupimwa kwa mwendo wa kunyonywa taratibu kwa saa 20. Ukiinyonya kwa ampea 2 hutapata zile saa tatu na nusu ambazo hesabu inakuahidi, na baridi itapunguza tena. Kwa siku za upepo beba ya 12 au 17. Uzito wake hautapotea bure, ifunge kwenye nguzo usaidie kuishika. Betri ya risasi ikijaa na kupumzika husoma volti 12.7, na ikipumzika ikasoma 12, pumzisha na wewe. Ukitumia ya lithiamu, ichajiwe kwa chaja yake tu.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya siku yenyewe

Tafuta mahali wazi siku yenye upepo wa kuyumbisha miti midogo. Funga utepe kwenye mkono mmoja, hesabu mizunguko kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Unataka kati ya 15 na 18 kwa dakika. Iache izunguke nusu saa, usiiondokee.

Mikono ikisita kidogo upande wa upepo na kuendelea, ni sawa, hata njiwa halisi hupunguza mwendo anapoukabili. Ikisimama kabisa upande huo, kaza klachi robo mzunguko. Ikisimama huku mota nayo imesimama, tatizo ni umeme au mwendo mdogo mno, na multimita kwenye vichwa vya mota itakuambia ni lipi. Ikirukaruka, rudi kwa mdomo na mabawa. Ikigonga mlio wa "tak, tak" mara moja kila mzunguko, njiwa wako hawalingani.

Mwisho wa nusu saa gusa mota. Joto unaloweza kulivumilia kwa kiganja si neno. Ikikulazimisha kuondoa mkono, punguza mikono kwa sentimita 10 nyingine.

## Hatua ya 9: Kuiweka shambani

Njiwa hutua wakiukabili upepo, kwa hiyo watakuja kutoka demani, kule upepo unakoelekea. Weka mashine kwenye ukingo wa kundi la chambo, yaani njiwa wengine wa chambo walio ardhini, ulio upande upepo unakotoka, pembeni kidogo, ili mbele yake ibaki nafasi tupu ya kutua. Ikiwa katikati, hasa ikiyumba, njiwa watageuka hatua ishirini kabla ya kufika.

Ua, kichaka au tuta lililo upande wa upepo ni msaada mkubwa kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapa, mradi usiiweke karibu mno, maana nyuma kabisa ya kizuizi upepo huwa wa vurugu, unapiga kutoka kila upande. Songa nje mpaka majani ya chini yawe yanalala upande mmoja.

Usiiache izunguke muda wote. Iwashe njiwa wakiwa mbali ili waione, na uizime wanapokuwa wameshaamua kuja. Katika upepo mkali hilo linaokoa betri, gia na njiwa wa chambo wenyewe.

Kabla ya kwenda kuigusa kwa sababu yoyote, toa risasi kwenye bunduki, iache kwenye maficho, na uzime umeme kwenye betri, si kwa rimoti pekee. Rimoti ya mtu mwingine imewahi kuniwashia mashine nikiwa nimeinama juu yake.

## Upepo ukizidi

Matawi makubwa yakianza kutikisika, ifunge. Siku hiyo upepo wenyewe ni mota. Chukua vijiti vyembamba vya faiba au kaboni vya mita 1.2 hivi, vichomeke vikiwa vimeinama kuelekea unakokwenda upepo, na uweke njiwa mmoja juu ya kila kimoja, kichwa kikielekea upepo unakotoka. Watapanda na kushuka wenyewe, bila betri. Vijiti vitatu au vinne vyatosha, na usivipange kwenye mstari ulionyooka.

## Ukirudi nyumbani

Fungua klachi, kausha washa za ngozi mbali na jua kali, na uangalie kama uso wake umeanza kung'aa. Ukiwa unang'aa, usugue kwa msasa. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya mikono ya faiba, mahali kitakaponasa pana ufa, na mkono huo usirudi shambani. Chaji betri usiku huo huo, hata kama uliitumia saa moja tu, kwa sababu betri ya risasi ikilala njaa wiki mbili hupungua uwezo. Hesabu waya, raba na vigingi ulivyotoka navyo, na kikipungua kimoja rudi ukakitafute kabla ya mifugo au jembe kukifikia.